Mkono Haukuvunjika Wenyewe

Jumatano, 6 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko kama kuku kapita. Basi kwa leo.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mkono unawaka moto.

Jumapili, 10 Machi

Nesi alisema mkono wa kushoto nao upewe kazi, nisikae tu kama gunia. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Mimi ni msusi. Maisha yangu yote wa kushoto ulikuwa wa kushikilia nywele tu, wa kulia ndio wenye akili. Sasa mwenye akili kalazwa ndani ya plasta kuanzia begani hadi juu ya kifundo, na mjinga ndiye karani wangu.

Niandike ilivyokuwa kabla watu hawajaanza kunisimulia. Jumatatu jioni nilifunga saluni, ghorofa ya pili, nikaanza kushuka ngazi za nje. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imeanza. Mkono wa kushoto nina kikapu cha taulo. Wa kulia nikashika reli ya ngazi, kama nishikavyo kila siku, na reli ikanifuata. Haikukawia hata kidogo. Tulishuka pamoja, mimi na chuma, mpaka kwenye saruji mbele ya mlango wa mdogo wangu.

Mdogo wangu anakaa hapo chini ya ngazi na watoto wake kwa sababu mumewe ndiye mwangalizi wa jengo. Wapangaji tunamwita Funguo, maana unamsikia kabla hujamwona, rundo la funguo linacheza kiunoni. Ndiye aliyenibeba. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi, nikamwona mtu mwenye huruma.

Hospitali nesi alinifuta kiganja kwa spiriti. Kilikuwa na rangi nyeusi, mbichi. Akaniuliza, "Dada, ulikuwa unapaka rangi?" Nikamwambia sijui. Sikuwa najua kitu, nilikuwa nalia tu.

Jumanne, 12 Machi

Wateja wawili wamekuja kunipa pole. Wa tatu amekuja kuchukua rasta zake.

Ijumaa, 15 Machi

Mdogo wangu anakuja kila asubuhi chumbani kwangu. Ananiogesha, ananifunga sidiria, ananichana. Kuchana hajui, ananing'oa nywele kama anapalilia magugu. Nikamwambia, "Wewe mwana wa mama yangu, kichwa hicho bado nakitumia." Tukacheka mpaka mkono ukaniuma. Sijui ningefanyaje bila yeye. Mungu ampe anachotaka.

Jumatatu, 18 Machi

Leo kaja Bosi, mwenye jengo. Kaja mwenyewe, na viatu vyake vyeupe kwenye tope letu. Kaleta mfuko wa machungwa na bahasha.

"Pole sana, mama. Bahati mbaya hizi hazina mwenyewe."

Nikamwambia asante, karibu kiti. Kakaa, kakohoa, katoa karatasi. Imeandikwa kwamba nimepokea mkono wa pole, na kwamba sina dai lolote sasa wala baadaye. Nikamwonyesha plasta, nikamwambia anayesaini amevunjika. Hapo akachomoa mfukoni kidau cha wino, cha dole gumba! Kaja kamili. Alijua siwezi kusaini akajitayarisha.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, ananikonyeza nikubali. Nikasema, "Bosi, mimi shule nimekwenda. Nitasaini mkono wangu ukipona." Akacheka kwa meno ya mbele tu. Bahasha akaondoka nayo, machungwa akayaacha.

Alipotoka mdogo wangu akaniambia, "Dada, una kiburi." Nikamwambia nina kodi ya kulipa.

Alhamisi, 21 Machi

Vidole vimelala. Kifundo cha mkono kinaanguka chenyewe, kama ua lililokosa maji. Daktari kasema tusubiri.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekwenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Nilifikiri nitakutana na mzee wa miwani. Nimekutana na wakili msichana, anayefaa kuwa binti yangu, kasuka vizuri, kazi ya mtu anayejua. Lakini ana ulimi, huyo. Aliisoma karatasi ya hospitali, akainua uso.

"Mama, hapa umeandikisha kwamba uliteleza ukavunjika mkono."

"Ndiyo."

"Uliteleza?"

"Si ndivyo watu wanavyosema? Nesi kaniuliza umefanyaje, nikasema nimeteleza nimevunjika. Ningesema nini na maumivu yale?"

"Nani kakuvunja?"

"Hakuna aliyenivunja. Nimevunjika."

Akaweka kalamu chini. "Basi hakuna kesi. Mkono ukivunjika wenyewe, mahakama itaulipisha mkono."

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka. Nimemkumbuka marehemu mama. Tulipokuwa wadogo, chombo kikianguka jikoni, mdogo wangu mbio: "Mama, kikombe kimevunjika!" Mama anauliza, "Kimevunjika? Kilipanda meza chenyewe, kikajirusha?" Mdogo wangu anaanza kutetemeka midomo. Sikupenda kumwona vile, basi mimi ndiye nilikuwa nasema, "Nimekivunja mimi, mama." Nachapwa mimi. Vikombe vya nyumba ile vyote nilivivunja mimi, hata nilipokuwa shuleni.

Nikamweleza Wakili habari ya reli, tangu mwanzo, pole pole. Nilipofika kwenye rangi ya kiganjani akanisimamisha. "Rangi mbichi? Kwenye reli iliyooza? Nani aliipaka?"

Hilo sikuwa nimejiuliza.

Jumanne, 26 Machi

Nimemuuliza Funguo. Nilimkuta anazibua mfereji, mvua imejaa uani.

"Shemeji, ile reli nani aliipaka rangi?"

"Ilipakwa tu, shemeji."

"Ilipakwa na nani?"

"Ilikuwa imechakaa, ikapakwa." Haniangalii. "Hata ile kung'oka, iling'oka tu. Maji haya, shemeji, yanakula chuma."

Ilipakwa, ilichakaa, iling'oka. Mwanamume mzima hana kitendo hata kimoja alichokitenda yeye. Nimerudi nyumbani damu inachemka.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Bosi amefungia saluni yangu kwa kodi. Viti viwili, kioo, drai, vyote ndani. Kufuli kaweka Funguo. Najua kaambiwa, lakini mkono uliolibonyeza lile kufuli ni wake.

Jumatano, 10 Aprili

Wakili amempelekea Bosi barua ya madai. Sasa yamewaka.

Ijumaa, 12 Aprili

Mdogo wangu kaja mchana badala ya asubuhi. Hakunichana. Kasimama katikati ya chumba, khanga begani, maji yanamtiririka.

"Dada, unamshtaki Bosi?"

"Namdai fidia."

"Unajua sisi tunakaa chumba cha nani?"

"Najua."

"Unajua watoto wangu wanakula mshahara wa nani?" Hakusubiri jibu. "Amemwita baba watoto, amemwambia: shemeji yako akifika mahakamani, wewe na vyombo vyako mtafika barabarani. Kamwambia hivyo, mbele ya watu."

Nikamwambia aje anishike mkono. Akasema kwa nini. Nikasema njoo ushike tu. Akaushika. Nikamwambia, "Sasa mimi naviambia vidole vikufinye. Unasikia chochote?" Hakusikia chochote, maana havikusogea. Akaanza kulia, nami nikalia, tukalia pamoja. Nilidhani yamekwisha. Alipofika mlangoni akageuka: "Lakini dada, chukua bahasha. Nakuomba." 

Siwezi. Nywele ndiyo kazi pekee niijuayo. Bahasha ile itakwisha kabla ya mvua hizi, halafu nile nini? Na kinachoniuma si kula peke yake. Nataka mtu mmoja duniani aseme kwa mdomo wake amefanya nini. Pole nimepewa mpaka nimeshiba.

Jumatatu, 22 Aprili

Plasta imekatwa. Mkono ulio ndani si wangu, ni wa mtoto mgonjwa, mweupe kwa ngozi kavu. Daktari kasema mfupa umeshika, ila mshipa wa fahamu umeumia pale ulipopasuka. Huenda vidole vikarudi, huenda visirudi vyote. Nikamuuliza lini. Akasema, "Mama, fanya mazoezi." Yaani hajui.

Alhamisi, 25 Aprili

Nachana mopu. Nimefunga mopu kuukuu kwenye mgongo wa kiti, nazigawa nyuzi tatu tatu, najifunza upya kama binti wa miaka sita. Kitana kinaanguka. Naokota. Kinaanguka.

Jumapili, 28 Aprili

Kinaanguka.

Ijumaa, 3 Mei

Kesi imeshafunguliwa. Wakili kaniita kunionyesha walichoandika upande wa pili. Wana shahidi: mwangalizi wa jengo. "Reli iling'oka kutokana na mvua kubwa. Ilikuwa imara kabla ya hapo. Mdai alikuwa na haraka, aliteleza." Chini saini ya Funguo, na herufi zake kubwa kubwa ninazozijua, ndizo zilizoandika kadi ya mwaliko wa harusi yao.

Nimemwita mwoga. Nimemwita pale pale ofisini, kwa sauti, mpaka karani akafunga dirisha. Wakili kaniacha nimalize, kisha akaniambia, "Atasimama kizimbani. Mtu kwenye karatasi na mtu aliyesimama si mmoja." Sina imani hiyo.

Jumamosi, 4 Mei

Mdogo wangu hakuja. Nimejifunga sidiria kwa meno.

Jumatatu, 13 Mei

Bado haji. Mvua haikati. Chumba kinanuka ukungu. Nimeandika ukurasa mzima wa matusi nikauchana.

Jumapili, 19 Mei

Asubuhi nilikuwa na mopu wangu. Kidole gumba na cha shahada vimeanza kuitika, vile vingine bado vinajifanya viziwi. Nikasikia funguo. Funguo kasimama mlangoni na bakuli limefunikwa kwa sahani. Mdogo wangu kamtuma, au kajituma, sijui. Sikumkaribisha. Niliendelea. Nyuzi tatu, pitisha, vuta. Kitana kikaanguka. Niliinama kukiokota, nikakikosa, nikakikosa tena, kikateleza chini ya kitanda.

Akaweka bakuli, akapiga magoti na suruali yake ya kazi, akakitoa. Akakishika muda mrefu.

"Kila siku unafanya hivi, shemeji?"

"Kila siku."

Akakiweka juu ya meza, taratibu, akaondoka. Bakuli lilikuwa la maharage. Nilikula kwa hasira, nikamaliza.

Jumatano, 29 Mei

Leo kesi imesikilizwa. Nimechoka lakini sitalala kabla sijaandika.

Chumba cha mahakama ni kidogo, bati linapigwa na mvua hadi hakimu akawa anaomba watu warudie. Bosi kakaa mstari wa mbele, viatu vyeupe. Wakili wake nimempa jina la Marashi, maana alipopita nilipiga chafya. Mdogo wangu alikaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Nilimwangalia, akaangalia dirisha.

Nilisimama mimi kwanza. Marashi akaja na karatasi ya hospitali ameikunja vizuri.

"Mama, haya ni maneno yako? 'Niliteleza nikavunjika mkono'?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo uliteleza."

"Mheshimiwa, mguu wangu haukuteleza. Nilishika reli, reli ikaja. Pale hospitali nilisema niliteleza kwa sababu ndivyo sote tunavyosema. Hata wewe sahani ikikuponyoka nyumbani, unamwambia mkeo imevunjika."

Watu wakacheka. Hakimu naye akafuta mdomo kwa leso. Marashi hakucheka, na kicheko hakikunisaidia sana, kwa sababu alirudia lile neno: uliteleza, uliteleza, ulisema mwenyewe uliteleza. Nilipokaa chini nilikuwa nimelowa jasho. Nilijua nimeshindwa.

Kisha wakamwita Funguo. Alipita mbele yangu kimya. Nilichukua muda kujua nini kimekosekana: hakuwa na funguo. Aliapa. Marashi akamuuliza kwa sauti laini kabisa, sauti ya mtu anayejua jibu, "Ieleze mahakama, hii reli iling'okaje?"

Funguo akapapasa kiuno, pale funguo zinapokaa. Hakimu akamwambia, "Shahidi, jibu."

"Haikung'oka, mheshimiwa."

Marashi akadhani hakusikia kwa sababu ya bati. "Sema tena."

"Haikung'oka. Haikuwa imefungwa ikang'oka. Mguu wa reli ulikatika tangu kiangazi, nikamwambia Bosi, akasema mchomeleaji ni ghali. Kulikuwa na mpangaji mpya anakuja kuangalia ghorofa ya juu. Bosi kaniletea waya na kopo la rangi. Nilifunga waya mimi. Nikapaka rangi mimi, waya usionekane. Nilijua watu wanapita hapo. Nilijua shemeji yangu anapita hapo. Nilipaka."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Bosi alikuwa ameshafika nusu ya kusimama. Marashi, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kushika, akamrukia: "Kwa hiyo uzembe ni wako! Wewe ndiye uliyemvunja huyu mama mkono, si mteja wangu!"

"Ndiyo," Funguo akasema. "Nilimvunja."

Hapo Wakili wangu akasimama, yule binti, akauliza mambo mawili tu. "Siku hiyo ulikuwa kazini kwa nani?" Kwa Bosi. "Waya na rangi alileta nani?" Bosi. Akashukuru, akakaa. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba kosa la mfanyakazi akiwa kazini analibeba mwajiri wake, na kwamba Marashi kwa hasira zake alituchimbia kisima akatutekea na maji.

Nje, chini ya kibaraza, nilimfuata Funguo. Nilimwambia, "Asante, shemeji."

Akanijibu bila kuniangalia, "Usinishukuru. Nimekuvunja mkono." Kisha akaingia mvuani.

Nilimwita huyu mtu mwoga mbele ya karani. Nimeona haya, na ninaona haya hata sasa.

Alhamisi, 30 Mei

Bosi hakungoja hukumu. Kamfukuza Funguo leo asubuhi. Chumba wametakiwa wakiache.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeshinda. Hakimu kasoma kwa kirefu, mimi nimeelewa neno moja, kwamba mkono "ulivunjwa kwa uzembe." Ulivunjwa. Nilitaka nimwombe alisome tena.

Wakili kanikumbatia. Halafu akaniambia Bosi anakata rufaa, fedha zitakaa huko huko mpaka iishe, na hakuna ajuaye itaisha lini. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mvua imekatika. Nilipita jengoni, nikaona ngazi zina reli mpya, imechomelewa, nzito, haitikisiki. Niliisukuma kuhakikisha.

Jumapili, 23 Juni

Jua. Naandika kwa mkono wa kulia. Herufi zinalala upande, lakini ni zangu.

Mdogo wangu kaja leo kuchukua beseni lake. Nilikuwa sijamwona tangu mahakamani. Amekonda. Kanieleza akiwa amesimama, kwa kifupi, kama mtu anayelipa nauli. Funguo hakupata kazi hapa mjini. Bosi ana marafiki, na kila jengo wanajua yule ni mwangalizi anayesema mahakamani. Kaondoka juzi kutafuta kibarua mbali, kwenye machimbo ya kokoto. Yeye na watoto wanakwenda kwa mama mkwe, ambaye hakumpenda tangu siku ya kwanza. Basi lao linaondoka kesho alfajiri.

Nikamwambia, "Kaa hapa kwangu. Tutabanana. Fedha zikitoka tutapanga nyumba, nitamwita shemeji mwenyewe arudi."

"Zikitoka."

"Zitatoka. Mdogo wangu, aliyewatoa pale ni Bosi. Mimi sikuwatoa. Nilitaka haki yangu tu."

"Bosi ni Bosi," akasema. "Sikumtegemea kwa lolote. Wewe ni dada yangu. Nilikuogesha."

Akainua beseni, akalikumbatia. Nikaogopa ataondoka hivyo, nikasema haraka, nikasema ovyo: "Naona uchungu, wallahi. Naona uchungu nyumba yako ilivyovunjika."

Alisimama. Akaliweka beseni chini. Akaniangalia kama mama alivyokuwa akituangalia mlangoni mwa jikoni.

"Imevunjika?" akaniuliza. "Ilipanda meza yenyewe, ikajirusha?"

Midomo ilimtetemeka, ile ile ya utotoni, nami nikamjibu kama nilivyokuwa nikijibu kwa ajili yake.

"Nimeivunja mimi."

Akaitika kwa kichwa, akachukua beseni lake, akaenda. Zamani nikisema hivyo ulikuwa uongo.